Ubavu wa Kulia

Nilipofumbua macho niliona raba zangu. Zilikuwa kwenye miguu ya mtu aliyelala barabarani, na nikashangaa amezipata wapi. Nilimtazama kwa muda, nikamwonea huruma kidogo, maana mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia ndani kwa namna ambayo mguu wa mtu mzima haukai. Kisha macho yangu yakafuata suruali kwenda juu, yakakuta mkanda, yakakuta shati, na shati lilikuwa langu.

Tulikuwa tumetoka sokoni Ludara na lori la mihogo mikavu, tukielekea Koboko mjini. Kazi yangu ilikuwa kusindikiza mizigo. Mfanyabiashara ana magunia yake, hawezi kuyafuata mwenyewe, basi ananikabidhi mimi, nami nakaa juu yake mpaka yafike. Kazi hiyo niliianza nilipotoka sekondari, na imenipeleka Arua, Ariwara upande wa Kongo, Yei, hata Juba enzi zile njia ilipokuwa nzuri. Nimelala juu ya vitunguu, juu ya sabuni, juu ya samaki wakavu na mabati. Siku ile mvua ilikuwa imeichimba barabara. Gurudumu la nyuma likaingia kwenye mfereji, lori likainama upande mmoja kama mtu anayeokota kitu, kisha likasimama wima tena na kuendelea kidogo. Halikupinduka. Sisi ndio tuliomwagika, mimi na magunia machache, na mimi nilitangulia. Mgongo wangu ulipiga ukingo wa mfereji, kisha gunia moja likanifuata.

Watu wakaja mbio kutoka mashambani.

"Mzee, simama! Simama, iko mzima!"

"Wacha yeye. Wewe hapana ona vile nalala?"

Mwanamume mmoja aliweka jembe lake chini, akachuchumaa karibu nami. "Mgongo iko sawa?"

"Sijui. Miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa. Mimi nashika."

Nikainua macho. Kweli alikuwa ameishika, yote miwili, kama mtu anayeshika mikono ya toroli. Kiunoni nilikuwa na maumivu makali, lakini maumivu hayakunitisha. Kilichonitisha ni ile mikono yake, iliyonishika bila kunigusa.

Walinilaza juu ya mlango waliouchomoa kwenye nyumba ya mtu, wakanipandisha kwenye pikapu, na kabla jua halijazama nilikuwa hospitali Arua. Siku za mwanzo sizikumbuki vizuri. Nakumbuka daktari akiinua picha ya mgongo wangu dirishani ili mwanga upite. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Pingili zimepangana moja juu ya nyingine, kama magunia yaliyopangwa na mtu anayejua kazi, mpaka chini kidogo ya mbavu, ambapo moja ilikuwa imebonyea upande mmoja.

"Hii imevunjika," alisema. "Mfupa utaunga. Shida ni mishipa inayopita katikati yake. Imeminywa, lakini haikukatika."

"Kwa hiyo nitatembea?"

"Huenda."

"Au?"

"Au hutatembea. Leo hakuna mtu anayeweza kukuambia."

Mimi nimesubiri sana maishani. Nimesubiri kwenye mipaka, kwenye mito iliyofurika, kwenye vituo ambavyo dereva amekwenda kutafuta nati moja tu kwa siku mbili. Lakini mpakani unajua ni nani wa kumuuliza, na ukimuudhi unajua umemuudhi. Hapa niliyemsubiri alikuwa ndani yangu mwenyewe na hakuwa na dirisha la kugonga. Nilitaka kujua jambo hilo moja tu, nitatembea au sitatembea, na kila mtu aliyekuwa na koti jeupe alinijibu kwa upole kwamba tusubiri.

Waliponiruhusu kutoka, walinifunga mkanda mgumu kiunoni, wakanipa tarehe ya kurudi Arua kuanza mazoezi ya kusimama, na wakanipeleka Koboko kwa mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ni mjane, mama wa mjini hasa, wa watu wetu hawa ambao babu zao waliletwa huku kutoka Sudani wakiwa askari. Mikono yake haikai bure, asubuhi anaoka mikate, mchana anasuka vifuniko vya chakula vya rangi. Safari zangu hakuzipenda hata siku moja. Kila nikiaga alikuwa akisema, "Babu yenu ilitembea mpaka hapa, ikachoka, ikakaa. Sasa wewe nataka kutembea mpaka wapi?"

Siku nilipoingizwa ndani mwake nimebebwa kwenye shuka, alitandika kitanda upya mara mbili.

Muuguzi wa Arua alikuwa amemweleza wazi. Mtu asiyehisi mwili wake hajigeuzi mwenyewe, na nyama ikilaliwa muda mrefu inaoza. Basi nigeuzwe mara nyingi, mchana na usiku, ubavu huu na ubavu ule, nisiachwe upande mmoja. Mama mdogo alisikiliza kwa makini, akaitikia kila neno, na alipofika nyumbani akaipanga kazi hiyo kwa njia aliyozipangia kazi zake zote tangu utotoni. Nitageuzwa kwa adhana. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Msikiti uko karibu, hawezi kusahau, na hakuna saa ya ukutani inayoweza kusimama ikamdanganya.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia muuguzi kwa sababu kwake halikuhitaji kusemwa. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Alikiweka kitanda hivyo makusudi. Adhana ikilia alinigeuza upande wa kushoto, uso ukutani, akaenda kutawadha, akaswali, akaleta dua yake ndefu, na alipomaliza alirudi kunirudisha kulia. Kushoto nililala kwa muda wa swala moja. Muda wote uliobaki nililala kulia.

Nami sikulalamika. Kwetu Koboko kibla kiko kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo, na upande huo ndio uliokuwa na dirisha. Dirishani niliona paa la jirani, waya wa umeme, na kipande cha barabara iendayo Kuluba na mpakani. Kushoto kulikuwa na ukuta uliobambuka rangi. Mama mdogo alinielekeza Makka, mimi nikaangalia Yei, na sote wawili tuliridhika na ubavu uleule.

Wageni walipoanza kuja, walilia. Mwanzoni nilidhani ni huruma. Kwetu mgonjwa lazima aonekane, na asiyekuja kumwona ataulizwa, kwa hiyo walikuja wengi, na karibu kila mmoja alibeba supu ya kwato, ile wanayoiita molokoni, kwa sababu wote walikuwa na hakika kwamba mfupa wa ng'ombe huunga mfupa wa mtu. Waliingia wakicheka barazani, wakanitupia jicho mlangoni, wakanyamaza, wakatoa vitambaa. Mzee mmoja wa msikitini aliniinamia sikioni.

"Sema, mwanangu. Sema pamoja na mimi, laa ilaaha illallah."

Nikaisema. Kisha nikamwambia, "Mzee, mimi siendi mahali."

"Eeh," alisema akinipapasa bega. "Wote wanasema hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ubavu wa kulia, uso kibla, mikono imetulia, hivyo ndivyo watu wetu wanavyomlaza anayekata roho. Kila aliyeingia aliona maiti ya kesho. Nilicheka mpaka mkanda ukanibana. Mama mdogo hakucheka. "Wacha walie," alisema. "Dua yao inafaa vilevile."

Katika ua ule alikaa jirani yetu, mpangaji, mwanamke wa Sudani Kusini aliyekimbia vita vya kwao na sasa anauza vitunguu na bamia kavu sokoni Koboko. Alikuwa Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya kumfikia mteja wa ng'ambo ya barabara. Alipojua kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya magunia, aliacha kunitafutia jina jingine.

"Gunia! Leo umeamka?"

"Nimeamka, dada."

"Miguu je?"

"Bado."

"Basi mwambie ifanye haraka. Mimi nataka mutu ya kubeba vitunguu."

Yeye ndiye aliyeanzisha mchezo wa kubahatisha. Alasiri, akitoka sokoni, alikaa mlangoni, na mama mdogo akanifunika uso kwa kanga, akanigusa nyayo kwa kitu, nami nikabahatisha. Nilikuwa na hamu ya kweli ya kujua mpaka wangu uko wapi. Kitovuni nilihisi. Chini yake kidogo nilihisi kama kwa ndoto. Baada ya hapo hakukuwa na habari.

"Hii nini?"

Nikakaza akili yote, nikaituma chini. "Kijiko."

"Mimi bado sijagusa," alisema mama mdogo, na jirani akaanguka kwa kicheko.

Lakini jambo hilo lilinishughulisha siku nyingi. Kijiko nilikihisi. Kilikuwa baridi, kwenye kisigino cha kushoto, na hakikuwapo. Kama mwili unaweza kusema uongo mzuri namna ile, utakaposema kweli nitajuaje?

Harufu tuliisikia sote. Mama mdogo aliishuku supu za wageni, akazimwaga, akaosha masufuria kwa majivu. Mimi niliwashuku panya waliokufia darini. Mwishowe jirani alisimama mlangoni, akavuta hewa kama mtu anayechagua samaki.

"Gunia, ni wewe."

Mama mdogo alinifunua kwenye nyonga ya kulia, akanifunika tena haraka. Sikuona kitu isipokuwa uso wake, nao ulikuwa umebadilika.

"Niambie kuna nini."

"Hakuna."

"Mama, ni mwili wangu."

"Mwili yako wewe hata haujui iko wapi!" alisema kwa ukali, kisha akatoka nje.

Jirani ndiye aliyechukua simu yake, akapiga picha, akanipa. Nikaiangalia kwa muda mrefu. Katikati palikuwa peusi, pembeni pekundu, pana kama kifuniko cha chupa ya soda na kina nisichoweza kukisia. Nilikuza picha kwa vidole, nikaipunguza, nikaikuza tena. Nilijaribu kuogopa na ikanichukua muda, kwa sababu kidonda kile hakikuniuma. Kilikuwa cha mtu mwingine, yule wa raba.

Muuguzi wa kliniki ya mtaani alikuja, akakikata sehemu iliyokufa nikiwa macho makavu nikimuuliza maswali. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwambia mama mdogo kwamba ubavu ule nisiulalie tena hata kidogo, na kugeuzwa kuwe mara nyingi zaidi ya adhana. Kisha akanigeukia mimi. Kidonda kikifika mfupani, Arua hawatanisimamisha. Mkanda hauwezi kufungwa juu ya kidonda, na mtu hasimamishwi bila mkanda. Tarehe yangu ikipita, nafasi atapewa mwingine, na miguu isiyosimamishwa mapema husahau. Kwa hiyo sasa swali langu lilikuwa limehamia kwenye nyonga. Kidonda kikifunga nitajaribiwa. Kisipofunga sitajua kamwe.

Mama mdogo alikaa barazani siku ile bila kusuka wala kuoka. Nilimsikia akijisemea, "Mimi nilitafuta baraka. Mimi nilitafuta baraka tu." Nilimwita, nikamwambia kwamba mimi pia nilipenda upande ule, kwa ajili ya dirisha. Hakunisikia, au hakutaka mtu wa kugawana naye lawama.

Na bado alikuwa na tatizo. Kunilaza kushoto ni kunipa ukuta uso na kibla mgongo, mchana kutwa, mimi mgonjwa. Alikwenda kumuuliza shehe, akarudi haraka.

"Anasema nini?"

"Anasema hakuna shida. Mungu iko pande zote."

"Basi?"

"Basi yeye hakulea wewe."

Akanilaza kushoto hata hivyo, kwa sababu muuguzi alisema, na kila alipopita mlangoni aliugeuza uso wake asione kisogo changu. Jirani alimtazama akifanya hivyo mara kadhaa. Alikuwa akichambua vitunguu vilivyoota.

"Mama," alisema, "kwani kitanda imeota mizizi?"

"Kwa nini?"

"Geuza kitanda. Kichwa ikuje hapa, miguu iende kule. Atalala kushoto, na uso inaangalia dirisha. Mungu yenu ataona yeye vizuri."

Mama mdogo aliinua mikono, kushoto na kulia, akajigeuza hapo barazani kama mtu anayejaribu nguo, akanyoosha shingo kuelekea msikitini, akajigeuza tena.

"Wallahi," alisema.

Chumba kilikuwa chembamba, kitanda hakikuweza kuzungushwa ndani. Waliitwa majirani, wanawake wanne wakashika miguu ya kitanda, nami juu yake, na mama mdogo akitembea mbele akipiga kelele, "Polepole! Mgongo! Mgongo!" Wakanitoa mlangoni. Tangu niletwe sikuwa nimeuona ua. Nikaona mbingu yote, kubwa kuliko nilivyoikumbuka, kuku, kamba ya nguo, moshi wa jikoni, na vichwa vya wanawake vikiniinukia kila upande. Wakanizungusha. Nilifanya safari yangu ya kwanza tangu Ludara, nusu duara, nikiwa kama kawaida juu ya mzigo unaobebwa na wengine. Nikawaambia wazunguke mara moja zaidi. Wakanitukana kwa pamoja, lakini wakazunguka.

Waliponirudisha ndani na kuniweka chini, jirani alisimama akipangusa jasho.

"Lakini," alisema taratibu, "tungezungusha godoro tu."

Wote wakaketi sakafuni kwa kucheka.

Kazi ya kunigeuza katikati ya adhana ikaangukia jirani asubuhi kabla hajaenda sokoni, maana saa zile mama mdogo huwa tanuruni. Hilo nalo lilihitaji mazungumzo, kwa kuwa si dada yangu wala si wa dini yetu. Alilimaliza mwenyewe. "Mimi nashika shuka, sishiki mutu," alisema, na kweli alikuwa na namna ya kuvuta shuka iliyo chini yangu, nikabingirika chali kama mkate unaogeuzwa, bila kidole chake kunigusa. Mkono mmoja alivuta, mwingine alishika kikombe cha chai.

Kidonda kilisafishwa kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kila siku nilidai picha. Nilikuwa na mfululizo wake kwenye simu, na niliutazama kama watu wanavyotazama mpira. Cheusi kikaondoka, kikabaki chekundu, kina kikapungua au nikajidanganya kwamba kimepungua.

Ilikuwa asubuhi, mama mdogo ananisafisha, nami nikisikiliza lori likibadilisha gia kwenye mteremko na kujiuliza limebeba nini, maana sauti yake ilikuwa ya mzigo mzito. Ghafla mtu akanichoma kwa kaa la moto. Nikapiga ukelele. Mama mdogo akaangusha bakuli.

"Pole! Pole, mwanangu! Nimeumiza wewe, pole!"

"Rudia."

"Nini?"

"Mwaga tena. Palepale."

"Wewe nalia!"

"Mama, mwaga!"

Maji yalikuwa yamemwagika sakafuni. Alikwenda kuleta mengine, akamimina matone machache tu, na nyonga yangu ikaungua yote, yangu mimi, si ya mtu mwingine. Nilikuwa nikilia na kucheka pamoja. Nilimwambia afunike macho yangu kwa kanga, angoje muda anaotaka, amimine bila kuniambia, nijue kama hiki nacho si kijiko. Akanifunika. Akangoja sana, mpaka nikadhani ametoka. Kisha pakaungua.

"Sasa!" nikasema.

"Sasa," alisema yeye, kwa sauti ndogo sana.

Hisia zilizorudi baada ya hapo hazikurudi kwa adabu. Zilikuja kama watu waliorudi kutoka ukimbizini, kila mmoja akiingia nyumba isiyo yake. Maji ya uvuguvugu yalikuwa siafu. Shuka laini ilikuwa msasa. Kidole gumba cha kulia kiliwasha usiku na mchana, na nilipokikuna, muwasho ulihama ukaenda kwenye goti. Niliwaeleza wageni mambo hayo kwa furaha, nao wakaitikia kwa mashaka na kunisogezea supu. Kidonda kikafunga siku chache kabla ya tarehe ya Arua. Kiliacha kovu jembamba, linalong'aa.

Arua walinisimamisha kati ya vyuma viwili virefu. Mwalimu wa mazoezi alikuwa binti mdogo kwangu sana, mwenye mikono ya nguvu, asiyesifu ovyo. Nilipofika wima, jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa urefu wangu. Nilikuwa nimesahau kwamba meza inaonekana kwa juu. Goti la kulia likakaza. La kushoto likakunjika, nikaning'inia kwa makwapa.

"Tena," alisema.

"Hili la kushoto litakuja?"

"Tutaona."

Safari hii sikuchukia kuambiwa hivyo. Nilikuwa na kitu cha kuangalia wakati nikisubiri.

Kwa miezi iliyofuata nilipanda na kushuka kati ya Koboko na Arua nimekaa kiti cha mbele, kwenye gari dogo, kama abiria mwenye heshima. Nikatoka kwenye vyuma nikaenda kwenye magongo mawili, kutoka magongo mawili nikaenda kwenye moja. Mguu wa kulia ulirudi karibu wote. Wa kushoto ulirudi mpaka chini ya goti, ukaishia hapo. Unyayo wake haujui kama umekanyaga zulia au changarawe, na lazima niuangalie ninapouweka. Nimejifunza kuutazama ukifanya kazi, jinsi kisigino kinavyotua kwa kishindo na vidole vikafuata vikiwa vimechelewa. Sijui kama utaendelea kurudi. Binti wa Arua naye hajui, na huwa ananiambia hivyo bila kuzunguka.

Mama mdogo aliona kila hatua niliyopiga ua mzima, kwa sababu alinifuata nyuma na kigoda mkononi ili nikitaka kuanguka niangukie hapo. Niligundua jambo moja kwake. Kadiri nilivyotembea vizuri, ndivyo alivyopungukiwa na maneno. Siku nilipofika lango la ua bila kupumzika, wanawake walipiga vigelegele. Yeye alikiweka kigoda chini, akakikalia mwenyewe.

"Umefurahi, Mama?"

"Nimefurahi," alisema, akiangalia barabara badala ya kuniangalia mimi. "Sasa utaenda."

Sikujua kama nitaenda. Nilikuwa sijakanyaga barabara ya malori tangu ile ya Ludara, niliyoiacha nikiwa chali.

Asubuhi moja ya juma lililopita niliinuka barazani nikachukua gongo langu. Mama mdogo alikuwa akichekecha unga.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Kuangalia barabara."

"Barabara haijahama," alisema, lakini hakuchukua kigoda.

Nilisimama ukingoni. Malori yalipita kuelekea mpakani, nami nikayasoma: simenti, bia, simenti, magodoro. Moja likapunguza mwendo, likasimama mbali kidogo, na dereva akatoa kichwa. Tuliwahi kusafiri pamoja mara nyingi, mimi juu, yeye ndani.

"Mimi nilisikia umekufa!"

"Waliniswalia. Haikufaa kitu."

"Panda! Naenda Oraba."

"Nishushe Kuluba."

Alifungua mlango, akataka kushuka anibebe. Nikamkataza. Nikaweka mguu wa kulia kwenye kidato, nikashika chuma, nikajivuta. Mguu wa kushoto ukabaki chini ukining'inia. Niliukamata kwa kitambaa cha suruali, nikauinua, nikauingiza ndani kama mtu anayepakia mzigo wake wa mwisho. Nikafunga mlango. Dereva akaweka gia.

Kila lori lilipotikisika, mgongo wangu uliniambia. Zamani nilipita njia hii nimelala, sikujua kwamba ina matuta mengi kiasi hicho, wala kwamba kabla ya Kuluba kuna mahali inapoinama kidogo upande wa kushoto. Nilimuuliza dereva kama ilikuwa hivyo siku zote. Akasema hajawahi kuwaza.

Aliponishusha, lori likaenda zake na vumbi likatua. Mashamba pande zote mbili, mwanamke anapalilia mtama, mbuzi wawili njiani. Nikapiga simu nyumbani.

"Mama, niko Kuluba."

Nilisikia chekecheo likiwekwa chini. "Kuluba wapi?"

"Barabarani."

"Umekaa ama umesimama?"

"Nimesimama."

Nikamsikia akimgeukia mtu uani. "Anasema iko Kuluba. Anasema amesimama." Na ile sauti ya sokoni ikaja kutoka mbali, haikuhitaji simu. "Uliza yeye, nani anashika?"

"Nani anashika wewe?" aliuliza mama mdogo.

Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikatazama na nyuma yangu, nihakikishe kabla ya kumjibu.

"Hakuna mtu," nikasema.